Kusoma hati ya zamani ya ardhi Nairobi: maneno ya sheria ya kale na maana yake

Anayeshika hati ya ardhi ya mwaka 1928 kwa mara ya kwanza huhofia Kilatini. Kilatini hakina shida: ni misemo michache, na kamusi yoyote ya sheria inayo. Kinachoponza watu ni Kiingereza wanachodhani wanakijua. Mtu anasoma "tenants" na kuamini babu yake alikuwa mpangaji, kumbe ndiye aliyekuwa mwenye mali. Mwingine anaona "determine" na kungoja uamuzi, kumbe mstari ule unasema mkataba umekwisha.

Mwongozo huu ni wa mtu mwenye hati ya Nairobi ya kabla ya 1963, au ya baadaye kidogo iliyoandikwa kwa lugha ileile, anayetaka kuielewa kabla hajaingia ofisi ya wakili. Piga nakala mbili. Hati halisi irudi ndani ya bahasha, na usiitie kalamu wala gundi ya plastiki. Kwenye nakala fanya kazi kwa penseli. Uwe na rula ya kufuata mstari, kikokotoo, na daftari lenye safu tatu: neno, mstari lilipo, na maana utakayoipata.

Anza na umri wa karatasi

Usisome sentensi hata moja kabla ya kujua hati ni ya lini. Tarehe ya juu inaweza kuwa imefutika au imeliwa na mende, lakini karatasi ina saa nyingine tatu.

Ya kwanza ni jina la serikali. Ikiandikwa East Africa Protectorate, ni ya kati ya 1895 na 1920. Ikiwa Colony and Protectorate of Kenya, ni ya 1920 hadi uhuru, tarehe 12 Desemba 1963. Jamhuri ilianza mwaka mmoja baadaye, 12 Desemba 1964. Ya pili ni jina la mji: Nairobi ilipewa hadhi ya manispaa mwaka 1919 na ya jiji tarehe 30 Machi 1950, kwa hiyo "Municipality" na "City" hukupa mipaka ya miaka.

Ya tatu ni fedha. "Rs." ni rupia, pesa iliyotumika hapa hadi 1920. Rupia ikapisha florini kwa muda mfupi sana, kisha mwaka 1921 ikaja shilingi ya Afrika Mashariki. Kabla ya 1920 rupia 15 zilikuwa pauni moja ya Uingereza. Mwaka huo rupia ikawekwa kuwa sawa na shilingi 2. Kwa hiyo kodi ya Rs. 30 kwenye hati ya 1912 utaikuta Shs. 60 kwenye risiti za 1923. Si kwamba ilipandishwa mara mbili, na watu wamewahi kukosana kwa hesabu hiyo.

Angalia pia mitaa. Government Road ndiyo Moi Avenue ya leo, Delamere Avenue ni Kenyatta Avenue, Hardinge Street ni Kimathi, na Victoria Street ni Tom Mboya. Hati ikitaja mtaa usioujua, usiuzunguke mjini kuutafuta. Tafuta namba ya kiwanja.

Tambua ni sheria ipi iliyoizaa

Hapa ndipo wengi huruka, na hapa ndipo maana ya kila neno linalofuata hukaa. Kenya ilikuwa na masjala kadhaa za ardhi kwa wakati mmoja, kila moja na sheria yake, hadi sheria za 2012 zilipoziunganisha.

Hati zilizotokana na sheria ya Ardhi ya Taji (Crown Lands) ya 1902 na ile ya 1915, iliyokuja kuitwa Government Lands Act baada ya uhuru, utazijua kwa maneno "indenture" au "conveyance" na kwa namba za juzuu na ukurasa: "Vol." na "Fol.", mara nyingi juzuu ikitanguliwa na herufi N. Mfumo huu ulisajili karatasi, haukusajili umiliki. Maana yake ni kwamba hati moja peke yake haitoshi. Lazima ufuate mnyororo mzima, mauzo kwa mauzo, kurudi nyuma hadi ardhi ilipotoka serikalini. Pete moja ikikosekana, hapo pana shimo, na anayenunua atalidai.

Sheria ya usajili wa miliki ya 1919 ilifuata mfumo ulioanzishwa Australia Kusini mwaka 1858 na Robert Torrens. Hapa rejista yenyewe ndiyo ushahidi. Hati ya kwanza kutoka kwa serikali huitwa "Grant". Kiwanja kikikatwa, vipande hupewa "Certificate of Title". Namba huanza na "I.R." kwa zile za bara, "C.R." ni za Pwani, zilizowekwa Mombasa. Utakuta pia "L.R. No.", ambayo ni namba ya kiwanja kwa wapimaji. Viwanja vingi vya katikati ya Nairobi huanza na 209, kisha mkwaju (/), kisha namba nyingine. Kila mkwaju unaoongezeka unakuambia kwamba kiwanja kikubwa zaidi kilikatwa, na mara nyingi chini kidogo hati hutaja namba ya mzazi wake baada ya neno "Original". Iandike namba hiyo ya mzazi. Bila hiyo, safari ya Ardhi House, makao ya wizara ya ardhi, huwa ya bure.

Ya tatu ni ile ya 1963, Registered Land Act. Namba zake ni za maneno: jina la sehemu, jina la kitongoji, kisha namba, kama vile Dagoretti/Riruta au Dagoretti/Waithaka. Hati yake huitwa "Title Deed" ikiwa ni umiliki usio na mwisho, au "Certificate of Lease" ikiwa ni wa muda. Tofauti inayoumiza hapa ni mipaka. Hati ya Torrens ina mchoro wa mpimaji na bikoni, yaani alama za mpaka, zilizochimbiwa, na vipimo vyake ni vya kushikiliwa. Ramani ya masjala ya 1963 huonyesha mipaka ya jumla tu, yaani ua, mtaro au njia, na ukubwa ulioandikwa ni wa kukadiria. Anayepeleka rula kwenye ramani ya Riruta na kumshtaki jirani kwa futi 3 anajitafutia hasara.

Tangu 2020 hati za Nairobi zimekuwa zikibadilishwa kuingia mfumo mmoja wa namba za mtindo wa Nairobi/Block, kwa matangazo katika Gazeti Rasmi. Hati ya zamani haifutiki kimaana. Namba ndiyo inayobadilika, na unahitaji zote mbili.

Mifupa ya hati

Wanasheria wa zamani hawakuweka vituo wala aya. Sentensi moja inaweza kujaza ukurasa. Chukua rula na penseli, ukate sentensi hiyo vipande kwa kufuata maneno yaliyoandikwa kwa herufi kubwa.

"THIS INDENTURE" ni kichwa. Jina hilo linatokana na meno: zamani makubaliano yaliandikwa mara mbili kwenye ngozi moja, ikakatwa kwa mstari wa zigizaga, kila upande akabaki na kipande; meno yakilingana, hati ni ya kweli. "BETWEEN" hutaja pande. "WHEREAS" huleta historia: nani alipata kwa nani, lini, kwa bei gani. Watu huiruka sehemu hii kwa sababu haina amri yoyote, ilhali ndimo zilimo namba za juzuu unazozihitaji kwa mnyororo. "WITNESSETH" ndipo tendo linapofanyika. "TO HOLD" hueleza muda. "YIELDING AND PAYING" ni kodi. Baada ya hapo huja masharti, na mwisho kabisa jedwali linaloeleza ardhi yenyewe. Jedwali ndilo la kusoma kwanza, ingawa liko mwisho.

Maneno yanayodanganya

"Demise" si kifo. Ni kupangisha. "The land hereby demised" ni ardhi iliyokodishwa kwa hati hii.

"Determine" ni kukoma. "Upon the determination of the said term" ni pale muda utakapokwisha.

"Executed" ni kutiwa sahihi na mashahidi wakiwepo. "Presents", katika "by these presents", ni hati hii hii, hakuna zawadi. "Instrument" ni karatasi ya kisheria. "Premises" ndani ya maelezo ni mambo yaliyotajwa hapo juu, lakini ndani ya jedwali ni nyumba na kiwanja, kwa hiyo neno hilo moja usilitafsiri mara moja ukadhani umemaliza. "Consideration" ni malipo yaliyofanya mkataba uwe mkataba, na wakati mwingine si fedha: utakuta "natural love and affection", yaani mali ilitolewa kwa mapenzi ya ndugu. "Issue" ni watoto na vizazi vyao. "Infant" ni yeyote aliyekuwa chini ya umri wa utu uzima, uliokuwa miaka 21 hadi sheria ya 1974 ilipoushusha kuwa 18. Kijana wa miaka 20 aliyetia sahihi mwaka 1960 alikuwa "infant", na sahihi yake ina walakini.

"Peppercorn" ni punje ya pilipili manga. Kodi ya punje moja kwa mwaka, ikidaiwa, ni kodi ya jina tu, ili mkataba usikose malipo. Hakuna anayeipeleka Ardhi House ndani ya karatasi.

Sasa "tenants". Hati ikisema watu wawili wanamiliki kama "joint tenants", mmoja akifa sehemu yake humwendea aliyebaki moja kwa moja, na watoto wa marehemu hawana cha kurithi katika ardhi hiyo. Ikisema "tenants in common", kila mmoja ana fungu lake, na fungu hilo hurithiwa na watu wake. Maneno mawili, na familia nzima imo au haimo. Kabla ya kikao chochote cha ukoo kuhusu mirathi, mtu mmoja asome mstari huu kwa sauti.

Tofauti nyingine ya kuangalia ni kati ya "mortgage" na "charge", ingawa benki za leo huyachanganya kwenye matangazo. Katika "mortgage" ya mtindo wa zamani, iliyofuata sheria ya Kihindi ya 1882 iliyotumika hapa, ardhi ilihamia kwa mkopeshaji hasa, na mkopo ukilipwa ilirudishwa kwa hati mpya iitwayo "reconveyance". Katika "charge", ardhi hubaki kwa mwenyewe, ikiwa na mzigo tu, na mzigo huondolewa kwa "discharge". Kwa hiyo ukiona "mortgage" ya 1934 kwenye mnyororo, tafuta "reconveyance" yake. Isipopatikana, mwenye ardhi kwenye karatasi bado ni mkopeshaji, hata kama alishakufa na kampuni yake ilishafungwa.

Kwenye barua zilizoambatanishwa utakutana na "inst." na "ult.". "Your letter of the 14th inst." ni barua ya tarehe 14 ya mwezi huu, "ult." ni ya mwezi uliopita. Barua ya 3 Machi inayotaja "28th ult." inasema 28 Februari. Tarehe za maombi ya viwanja zimehesabiwa vibaya kwa sababu ya vifupisho hivyo viwili.

Taji, wenyeji na watu wasiotajwa

"Crown" leo isomwe Serikali ya Kenya. Lakini kwa maana yake ya wakati ule ni neno zito. Sheria ya 1915 iliingiza katika Ardhi ya Taji hata ardhi iliyokaliwa na Waafrika, na mwaka 1921 Jaji Mkuu Barth aliamua kwamba wenyeji wa Kiambu waliobaki juu ya ardhi hiyo walikuwa "tenants at will" wa Taji: wakaaji wa hiari ya mwenye ardhi, wanaoweza kuondolewa wakati wowote. Ukiliona neno hilo kwenye faili la kesi ya zamani, usilitafsiri "wapangaji" ukaendelea. Ndilo lililomaliza githaka za mbari, yaani ardhi za koo za Wakikuyu, mahakamani.

"Native" ilikuwa na tafsiri yake ndani ya kila sheria. Nenda kwenye kifungu cha tafsiri cha sheria husika, usikisie. Masharti ya kuzuia watu wa kabila au rangi fulani kukaa au kununua yamo kwenye hati nyingi za vitongoji. Hayana nguvu tena, na Kifungu cha 27 cha Katiba kinakataza ubaguzi. Usiyakate kwenye nakala, maana huonyesha hati ni ya mkondo gani.

Kwa upande wa Dagoretti na kingo za Kiambu, ambako usajili ulikuja na mpango wa kuunganisha mashamba wa miaka ya 1950, maneno yanayoleta kesi hayamo kwenye hati kabisa: mbari, muhoi, muthami. Muhoi ni aliyepewa mahali pa kulima kwa ombi, bila kuuziwa; muthami aliruhusiwa pia kujenga. Kaka mkubwa aliyeandikishwa peke yake huenda aliandikishwa kwa niaba ya ukoo. Mahakama ya Juu mwaka 2018 ilikubali kwamba haki ya kimila ya namna hiyo inaweza kumbana mwenye jina kwenye rejista hata kama haikuandikwa, lakini lazima ithibitishwe. Kwa hiyo, kando ya hati, andika pia wazee wanasema nini na nani alilima wapi.

Neno "wakf" au "wakuf", tahajia zipo nyingi, ni wakfu wetu: mali iliyofungwa kwa ajili ya msikiti, maskini au kizazi. Haiuzwi wala hairithiwi. Kinachogawanywa ni mapato. Ukilikuta kwenye mnyororo wa mauzo, simama hapo hapo.

Na "T.O.L." ni leseni ya kukaa kwa muda. Si hati miliki, hata ikiwa na mihuri sita na risiti za miaka arobaini.

Kuhesabu muda

Soma kipande cha "TO HOLD". Viwanja vya mjini kwa kawaida vilitolewa kwa miaka 99, mashamba kwa 999 chini ya sheria ya 1915. Muda huanza tarehe iliyotajwa hapo, si tarehe ya sahihi wala ya usajili, na mara nyingi ni miezi au miaka kabla yake. Miaka 99 kuanzia 1 Januari 1926 iliisha 31 Desemba 2024, hata kama hati ilisajiliwa 1929. Kosa la kawaida ni kujumlisha 1926 na 99 na kupata 2025: mwaka wa kwanza nao huhesabiwa.

Ikiwa mwenye hati si raia wa Kenya, muda wowote unaozidi miaka 99, pamoja na umiliki usio na mwisho, uligeuzwa kuwa miaka 99 na Katiba ya 27 Agosti 2010. Raia ambaye muda wake umekwisha ana haki ya kufikiriwa kwanza chini ya Kifungu cha 13 cha Sheria ya Ardhi ya 2012, mradi ardhi haihitajiki kwa matumizi ya umma. Usingoje siku ya mwisho.

Kodi ya ardhi, "rent", hulipwa serikali kuu. "Rates" ni za kaunti. Risiti za moja hazilipi nyingine. "Stand premium" ni fedha iliyolipwa mara moja tu mwanzoni.

Ukubwa

Hati za zamani hupima kwa ekari, "rood" na "perch", zikitenganishwa kwa nukta. "Rood" 4 ni ekari moja. "Perch" 160 ni ekari moja. Ekari ni hekta 0.4047. Mfano: 0.1.20 ni ekari 0, "rood" 1, "perch" 20. Gawa: 1 kwa 4 ni 0.25, 20 kwa 160 ni 0.125. Jumla ekari 0.375, yaani hekta 0.152 hivi. Anayeisoma kama desimali, 0.12, anapoteza zaidi ya theluthi mbili za kiwanja. Urefu ukiwa kwa "links", kila moja ni mita 0.2012, na 100 ni mnyororo mmoja wa mpimaji, mita 20.12. Futi ni mita 0.3048. Badilisha kila upande, kisha ulinganishe na ukuta uliopo.

Pa kuthibitisha

Fuata mpangilio huu, kwa sababu kila ofisi itakuuliza kilichotoka kwenye ofisi iliyotangulia. Anza na sachi ya rejista, yaani kuomba taarifa ya kilichoandikwa humo, kupitia Ardhisasa, mfumo wa serikali wa ardhi mtandaoni, kama namba imeshabadilishwa, au kaunta ya Ardhi House kama bado. Ukiwa na namba ya mchoro, nenda ofisi za upimaji Ruaraka, karibu na barabara ya Thika, uombe nakala ya ramani. Kwa barua za maombi, faili za wilaya na kesi za zamani, nenda Nyaraka za Kitaifa, Moi Avenue, jengo lililokuwa benki; omba kitabu cha faharasa kwanza, uandike namba ya faili kamili, maana faili huletwa kwa namba, haziletwi kwa jina la babu. Matangazo ya Gazeti Rasmi yanapatikana kwenye tovuti ya Kenya Law.

Mwenye jina akiwa amefariki, kaunta ya mirathi ya mahakama ndiyo ya mwisho. Angalia alifariki lini. Sheria ya Urithi ilianza kutumika 1 Julai 1981. Aliyefariki kabla ya hapo, mali yake hugawanywa kwa sheria au mila ya wakati wake, ingawa taratibu za usimamizi ni za sheria mpya. Na ikiwa msimamizi aliyeteuliwa zamani alikufa kabla ya kumaliza kazi, usiombe usimamizi upya kana kwamba hakuna aliyewahi kupewa. Kinachoombwa ni "de bonis non", usimamizi wa mali iliyobakia, na karani atataka namba ya faili la kwanza kabla ya kupokea fomu yako.